Siku Tulipopita Chini ya Mlima

Sisi wa Mpanda treni si kitu kigeni kwetu. Watoto wetu hujifunza kutembea huku wakiisikia ikipiga honi, na wengi wetu tuliletwa huku nayo, wengine kuolewa, wengine kuanza kazi. Reli yetu huchepuka pale Kaliua na kuja kusini kwa kilomita 210. Ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940, na haikujengwa kwa ajili ya abiria. Ilijengwa ili kubeba madini ya risasi kutoka mgodi wa Mpanda. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini reli ikabaki, na mji ukabaki pamoja nayo. Mkoa wa Katavi ulipozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, treni yetu ilikuwa imekwisha kuwa bibi kizee ambaye kila mtu anamjua kwa sauti.

Lakini treni ya umeme ni habari nyingine. Tangu ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na kufika Dodoma mwezi Julai mwaka huohuo, akina mama wamekuwa wakituuliza maswali mengi, kliniki na hata baada ya ibada. Je, ni kweli inapita chini ya ardhi? Je, ni kweli geti halifunguki mpaka uoneshe karatasi kwenye mashine? Je, mtoto hapati shida ya masikio? Na je, ngazi zinazotembea zenyewe mtu anazipanda vipi akiwa na mtoto mgongoni?

Mpendwa msomaji, pengine wewe unaishi mjini na maswali haya yatakuchekesha. Tunakuomba usicheke. Tumeona kwa macho yetu kwamba maswali madogo kama haya, yasipojibiwa, yanaweza kumzuia mama asimfikishe mtoto wake hospitali.

"Nitakwenda mwezi ujao"

Mama mmoja kijana wa kijiji kilicho nje ya mji wa Mpanda alimleta mwanawe wa miaka miwili kliniki kwa sababu ya kikohozi. Wakati tunampima, alitaja kitu kingine kana kwamba ni jambo dogo tu. "Usiku nikimmulika kwa taa," alisema, "jicho lake moja linang'aa kama la paka."

Sisi wauguzi tunafundishwa kutolipuuza neno hilo. Mng'ao mweupe katikati ya jicho la mtoto mdogo unaweza kuwa mtoto wa jicho. Unaweza pia kuwa saratani ya jicho, ambayo huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano. Saratani hiyo ikiwahiwa, hutibika, na mara nyingine hata jicho lenyewe huokolewa. Ikicheleweshwa, huweza kusambaa kuelekea kwenye ubongo. Anayeweza kutofautisha ni mtaalamu wa macho mwenye vifaa. Basi mtoto akaandikiwa rufaa kwenda hospitali kubwa ya Dar es Salaam.

Mama alisema atakwenda mwezi ujao. Mwezi ukapita. Tulipomtembelea nyumbani tulidhani tatizo ni fedha, lakini sivyo. Baba wa mtoto alikuwa amekwisha kuuza magunia mawili ya mpunga, na kikundi chetu cha akina mama wa kanisa kilikuwa kimechanga kilichopungua. Tulikaa naye jikoni, akawa anapepeta mchele bila kutuangalia. Mwishowe akasema:

"Mama nesi, nauli ipo. Mimi naogopa kule. Basi silipandi, mtoto anatapika njia nzima. Na hiyo treni ya umeme nimesikia geti linambana mtu katikati. Nikianguka na mtoto mbele za watu kwenye zile ngazi, si watanicheka? Mimi sijasoma."

Mama mkwe wake, ambaye alikuwa ameketi mlangoni, naye alikuwa na lake. "Igandu mmeisahau?" alituuliza. "Mimi sijaisahau."

Hatukumjibu upesi, kwa sababu bibi yule alikuwa akisema kweli. Tutarudi huko Igandu baadaye. Siku ile tulimwambia mama kijana neno moja tu: "Mwanangu, hutakwenda peke yako." Tukapanga kwenda watu watatu kumsindikiza. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kuipanda treni hiyo.

Mpanda hadi Dodoma

Tuliondoka wakati wa kiangazi cha mwaka 2025 kwa treni yetu ya zamani. Mikoba yetu ilikuwa na karanga za kukaanga, viazi vitamu vilivyochemshwa, chupa ya asali ya Inyonga na maji ya kunywa ya mtoto katika chupa yake mwenyewe.

Anayeijua njia hii anajua uzuri wake. Ukitoka mjini unapita Katumba, mahali walipopokelewa wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972, ambao wengi wao sasa ni raia wenzetu. Kisha miti ya miombo inakuzunguka kwa saa nyingi, hakuna nyumba, hakuna moshi, mpaka unavuka mto Ugalla. Pale kila mtu huenda dirishani kutafuta viboko. Kaliua unaungana na reli ya kati, ile waliyoianza Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Tabora njia zote hukutana, ya Mwanza, ya Kigoma na ya kwetu, na stesheni hujaa watu wanaosubiriana.

Katika treni ya zamani mama yule hakuwa na woga wowote. Alijua namna ya kufunga khanga dirishani kuzuia jua. Alijua kununua kuku wa Saranda kwa kupatana bei huku treni ikikaribia kuondoka. Alituchagulia hata mahali pa kulaza mizigo. Tulimwangalia tukafurahi, na mmoja wetu akamwambia, "Unaona? Hii nayo mwanzo ulikuwa huijui." Akatabasamu, lakini hakujibu.

Stesheni mpya

Dodoma ni lazima kubadili treni, na sababu yake ni rahisi. Reli ya zamani ina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Reli mpya ina milimita 1,435, yaani karibu mita moja na nusu. Gurudumu la treni yetu haliwezi kukaa juu yake. Stesheni nazo ni mbili tofauti, kwa hiyo ukishuka katika treni ya zamani, uliza kwanza ile mpya iko upande gani, na upatane bei na mwenye bajaji kabla ya kupanda.

Tiketi zetu zilikuwa zimekatwa kwa simu. Utaratibu wake ni kama wa kulipia ankara ya maji: unachagua siku, safari na kiti, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, kisha unapata tiketi. Asiyejua kutumia simu anaweza kukata dirishani. Treni ilipoanza mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida kati ya Dodoma na Dar es Salaam ilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima. Jina kwenye tiketi linapaswa kuwa lile lile lililo kwenye kitambulisho chako. Mama ambaye kitambulisho chake kina jina la kwa baba na watu wote wanamwita kwa jina la mtoto, akumbuke hilo mapema.

Mlangoni mizigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi. Mama aliuliza kwa sauti ya chini kama mashine hiyo itamdhuru mtoto. Swali hilo ni la maana, na jibu lake ni hili: mashine hupiga picha ya mizigo, wala si ya mtoto. Mtoto hubebwa na mama yake, hapitishwi pale.

Kisha likaja geti. Kwenye tiketi kuna alama ya mraba yenye vidoto vidoto vyeusi. Unaiweka juu ya kioo cha mashine, mashine inaisoma, geti linafunguka, unapita. Hilo ndilo geti lote. Tulikaa pembeni kwa muda kidogo, tukamwachia mama aangalie watu wengine kumi wakipita. Kisha akampakata mtoto kifuani badala ya mgongoni, ili amwone mbele yake, akaweka karatasi juu ya kioo. Geti likafunguka. Akapita akasimama upande wa pili, akageuka kutuangalia sisi tuliobaki nyuma. "Njooni basi," akasema.

Kimya cha Igandu

Ndani kila mtu ana behewa lake na kiti chake chenye namba. Madirisha ni makubwa na hayafunguliwi, kwa hiyo hakuna vumbi wala hakuna kununua kuku njiani. Treni ilipoanza kuondoka hatukusikia mtikisiko tuliouzoea. Nguzo za umeme ndizo zilizotuambia kwamba tunatembea.

Treni hii inavutwa kwa umeme wa volti 25,000 unaopita katika waya ulio juu ya reli. Umeme wa nyumbani kwako ni volti 230. Huu ni zaidi ya mara mia moja. Ndiyo sababu njia yake imezungushiwa uzio, na ndiyo sababu akina mama wanaoishi kando yake wasiwaruhusu kamwe watoto kuuruka uzio huo au kurusha kamba juu ya nyaya. Treni ilitengenezwa kwenda hadi kilomita 160 kwa saa. Mtoto akiiona kwa mbali, imeshafika.

Haukupita muda mrefu tukafika sehemu za Igandu. Tarehe 24 Juni 2002, kwenye reli ya zamani, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima huko ilishindwa, ikarudi nyuma kwenye mteremko kwa kasi, ikagongana na treni ya mizigo. Watu zaidi ya 280 walikufa. Haijawahi kutokea ajali ya treni kubwa kuliko hiyo katika nchi yetu. Wauguzi wa umri wetu wanakumbuka habari za hospitali ya Dodoma siku zile, na familia nyingi za mikoa ya magharibi zilikuwa na mtu ndani ya treni ile au zilijua mwenye mtu.

Kwa hiyo hatukumwambia bibi yule mlangoni kwamba hofu yake ni ya kijinga. Hofu ya mtu aliyezika si ujinga. Tulichomwambia ni kwamba barabarani pia watu hufa, na kwamba jicho la mjukuu wake haliwezi kusubiri njia isiyo na hatari hata moja, maana njia hiyo haipo. Tulipopita Igandu tulinyamaza. Mmoja wetu aliinamisha kichwa akaomba, na wengine tukamwitikia amina.

Chini ya mlima

Baada ya Gulwe na Kidete, nchi huanza kupanda na kushuka. Hapa ndipo reli ya zamani iliposumbuka miaka yote. Wajerumani waliipitisha katika bonde la mto Mkondoa kwa sababu bonde ndilo njia rahisi kati ya milima. Lakini bonde ni njia ya maji pia. Mvua za mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 ziliikata reli kati ya Kilosa na Gulwe, na sisi wa magharibi tukakaa miezi bila treni ya kutufikisha Dar es Salaam. Waliojenga reli mpya walichagua njia nyingine: badala ya kuuzunguka mlima kwa chini, wakautoboa. Katika milima hiyo ya Kilosa kuna mahandaki manne. Kwa jumla yana urefu wa kilomita zipatazo 2.6, na lile refu kuliko yote linapita kidogo kilomita moja.

Tulikuwa tumemwandaa mtoto. Mama yake alimwambia mara nyingi, "Tutaingia usiku, halafu tutatoka asubuhi." Ikawa hivyo. Ghafla dirisha likawa jeusi, sauti ya treni ikawa nzito, na masikio yetu yakaziba kama mtu anavyoziba masikio anapopiga mbizi. Mtoto akasema kwa sauti kubwa, "Usiku!" Abiria wote waliokuwa karibu wakacheka.

Mama hakucheka. Dirisha lilipokuwa jeusi, kulikuwa na taa za behewa tu, na mtoto alikuwa amemgeukia. Ule mng'ao ulionekana kwenye jicho lake, mweupe, waziwazi, kama alivyotueleza siku ya kwanza. Yeye aliuona. Sisi tuliokuwa tumeketi mbele yake tuliuona pia. Hakuna aliyesema neno.

Kwa treni inayokwenda kilomita 120 kwa saa, handaki la kilomita moja ni nusu dakika tu. Tukatoka, jua likatumwagikia, mtoto akasema, "Asubuhi!" Mama akamfuta uso kwa upindo wa khanga, kisha akatuuliza, "Tunafika Dar saa ngapi?" Tangu tulipotoka Mpanda alikuwa akiuliza tutarudi lini. Hilo lilikuwa swali lake la kwanza la kufika.

Ngazi inayotembea

Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni safari ya takriban saa nne. Ukipita Morogoro, Ngerengere na Ruvu, unafika Pugu, na kuanzia hapo mji hauna mwisho. Tulidhani tutaingia jijini tena chini ya ardhi, kama tunavyosikia habari za miji ya Ulaya. La hasha! Reli iliinuliwa juu ya daraja refu, tukayaona mapaa ya nyumba na barabara zenye magari chini yetu, mpaka tukaingia katika stesheni ambayo jengo lake lilibuniwa kwa mfano wa jiwe la tanzanaiti.

Hapo ndipo ilipokuwa ngazi inayotembea. Mama aliiangalia akasimama, na watu wakampita kulia na kushoto. Tukamwambia kwamba kuna lifti, na kwamba mwenye mtoto, mjamzito au mgonjwa hana sababu ya kuona haya kuitumia. Kwa kweli kwa mwenye mtoto mgongoni na mzigo mkononi, lifti ndiyo njia iliyo salama. Akatuambia, "Mbebeni mtoto nyie kwenye lifti. Mimi nataka kuijua hii."

Mmoja wetu akaenda na mtoto kwa lifti. Sisi wawili tukasimama naye. Kanuni ni chache. Inua upindo wa gauni au khanga usiburute. Angalia kidato kinapotokea, weka mguu katikati yake wala si kwenye ufa. Shika mkono wa ngazi, ambao nao unatembea pamoja nawe. Kandambili laini zina hatari ya kubanwa pembeni, kwa hiyo simama katikati. Ukikaribia mwisho, inua mguu mapema kidogo, ondoka, usisimame pale pale, maana nyuma yako kuna watu. Akashika, akakanyaga, akashuka salama.

Je, ni ushamba kuogopa ngazi hiyo? Hebu tuwaangalie wenyeji wa London, mji wa kwanza duniani kuwa na treni ya chini ya ardhi. Ile ya kwanza ilianza tarehe 10 Januari 1863, ikivutwa na injini za mvuke, na abiria walikuwa wakikohoa moshi ndani ya mahandaki. Treni za umeme zilikuja huko mwaka 1890. Ngazi zinazotembea ziliwekwa kwa mara ya kwanza katika stesheni ya Earl's Court mwaka 1911, miaka karibu hamsini baadaye, na watu wa mji ule mkubwa nao ilibidi wafundishwe kuzikanyaga. Hakuna aliyezaliwa akijua. Tofauti ni kwamba wao walitangulia.

Hapa Afrika, mji wa Cairo ulikuwa wa kwanza kuwa na treni ya chini ya ardhi, mwaka 1987. Huko yapo mabehewa yaliyotengwa kwa ajili ya wanawake, ili mama asafiri bila kusukumwa wala kusumbuliwa. Johannesburg ilipata treni yake ya kasi, yenye stesheni nyingine chini ya ardhi, mwaka 2010. Kwetu treni ya umeme imefika Dodoma, na ujenzi wa reli mpya unaendelea kuelekea Tabora na Mwanza. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022, na njia ya kutoka Kaliua kupitia Mpanda hadi bandari ya Karema, Ziwa Tanganyika, imo katika mipango. Huenda watoto wetu wataipandia hapa hapa nyumbani. Lakini mtoto mgonjwa wa leo hawezi kuingojea.

Mama, ukiwa na safari kama hii

Kwa akina mama waliotuomba ushauri, haya ndiyo tuliyoyaona kuwa ya msaada:

Ratiba ya treni ya zamani na ya mpya hubadilika. Ulizia stesheni siku chache kabla, na uweke nafasi ya usiku mmoja kati ya treni moja na nyingine, hasa kama una mgonjwa. Tafuta mapema ndugu au mshirika wa kanisa atakayekulaza Dodoma.

Weka kitambulisho, tiketi, barua ya rufaa na kadi ya kliniki ya mtoto katika mfuko mmoja mdogo unaovaliwa shingoni, ndani ya nguo. Usiviweke kwenye begi kubwa.

Fika stesheni mapema. Treni hii haimsubiri aliye njiani.

Mtoto anayenyonya anyonyeshwe treni inapoingia handakini. Kumeza huzibua masikio. Aliyeacha kunyonya apewe maji kidogo kidogo, na mkubwa afundishwe kupiga miayo. Mtoto mwenye mafua makali au usaha sikioni aonwe na mganga kabla ya safari.

Anayetapika safarini aketi akitazama upande ambao treni inaenda, aangalie mbali, na asisafiri na tumbo tupu wala lililojaa kupita kiasi.

Mjamzito na mwenye miguu inayovimba asikae saa nne bila kunyanyuka. Atembee kidogo ndani ya behewa kila baada ya saa moja, na anywe maji.

Na la mwisho: uliza. Waliovaa sare wamewekwa pale kwa kazi hiyo. Tuliwaamkia, tukawauliza, wakatuelekeza. Mama akisema, "Mwanangu, sijawahi kupanda treni hii, nioneshe," ameokoa nusu saa ya kuhangaika.

Habari za mtoto

Msomaji atataka kujua yaliyotokea hospitali. Madaktari walithibitisha kwamba ilikuwa saratani, na kwamba ilikuwa bado ndani ya jicho. Jicho lile halikuweza kuokolewa, liliondolewa. Mama alilia sana siku ile, nasi tulilia naye kwenye benchi la nje. Daktari akamweleza kwa upole kwamba kilichookolewa ni mtoto. Ilibidi aje tena mara kadhaa kwa dawa na kuangaliwa jicho la pili.

Mara ya pili tulimwuliza nani kati yetu amsindikize. Akasema hakuna haja, tumwachie akiba ile ya nauli zetu aongezee ya mtoto. Alikwenda na kurudi peke yake. Bibi mkwe alimpeleka stesheni ya Mpanda asubuhi, akamkabidhi kuku wa kuchoma kwenye kitambaa, akakaa mpaka treni ilipopotea.

Mara ya tatu alikuja kliniki kutuaga akiwa na mama mwingine kutoka Nsimbo, ambaye mtoto wake alikuwa na rufaa ya moyo. Mama yule mgeni alikuwa kimya, ameshika begi lake kwa mikono miwili. Tulianza kumweleza habari za geti, lakini mama wetu akatukatisha.

"Muacheni, mama nesi," akasema. "Nimeshamweleza yote. Na ile ngazi nitamshika mkono."